Siku moja ya mama mwenye nyumba, Tanga

Saa 11 alfajiri

Kabla watu hawajaamka nimeshatoka uani na tochi ya simu, nimeinama kwenye mita ya maji. Hii ni nyumba ya Makorora, vyumba vinane vya kupangisha, mimi mwenyewe nakaa banda la nyuma. Saa hii hakuna aliyefungua bomba. Kama mabomba yote yamefungwa na kile kigurudumu kidogo cha mita bado kinazunguka, basi kuna mahali maji yanavuja. Leo kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka.

Bili ya Tanga UWASA ya mwezi uliopita ilipanda kutoka 38,000 hadi 61,000, na wapangaji wakaanza kutazamana kwa jicho baya. Huyu anafua nguo za ndugu zake, yule kaleta wageni. Nimewahi kupoteza wapangaji wazuri kwa ugomvi wa bili ya maji, watu ambao kodi yao haikuchelewa hata siku moja. Nikaingia choo cha uani, nikatega sikio kwenye tangi la kuflashi: maji yanachirizika ndani ya bakuli. Boya halifungi. Kifaa cha shilingi elfu chache kilikuwa kinawagombanisha watu wazima.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza kupangisha, jifunze kusoma mita yako mwenyewe, tena saa ambayo watu wamelala.

Saa 1 na nusu asubuhi

Chai, vitumbua, na daftari. Nataka niseme hili mapema kwa sababu ndilo lililoniumiza nilipoanza, na ndilo ninalowaambia wote wanaokuja kuniuliza.

Hapa kwetu kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Nyumba yangu moja ya Kange ni 180,000 kwa mwezi, kwa hiyo mpangaji akiingia ananipa 1,080,000 mkononi. Mwaka wangu wa kwanza nilizipokea, nikalipa ada za watoto, nikanunua kabati, nikachangia harusi. Mwezi wa tatu paa likavuja, sina hata ya kununulia bati moja. Nikakopa kwa riba kuziba paa la nyumba ambayo nilikuwa nimeshakula kodi yake.

Siku mpangaji anapokukabidhi zile fedha, ya kwako ni ya mwezi mmoja tu. Miezi mitano iliyobaki ni deni: bado hujampa nyumba ya kulala kwa siku hizo. Sasa hivi fedha yote naiweka benki kwenye akaunti ambayo sina kadi yake, na kila tarehe 1 najilipa mwezi mmoja. Katika hizo 180,000 natoa 18,000 za kodi ya serikali, 20,000 za matengenezo, na 15,000 za kile ninachokiita mwezi mtupu, maana kila mwaka nahesabu kwamba nyumba itakaa mwezi mmoja bila mtu. Inabaki 127,000. Hiyo ndiyo kodi yangu. Ukipiga hesabu ya kurudisha gharama za ujenzi, tumia 127,000, usitumie 180,000.

Saa 3 asubuhi, Kange

Nimepanda bajaji hadi Kange, mitaa ya nyuma ya stendi ya mabasi. Mpangaji wangu anahama leo. Ni kijana wa kandarasi, kazi yake imehamishiwa Mtwara, amekaa miezi minne kati ya sita aliyolipia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshafunga mizigo?"

Tulizunguka nyumba pamoja na karatasi ya siku aliyoingia. Karatasi hii naithamini kuliko mkataba wenyewe. Ina idadi ya funguo, koki, taa, vioo vya dirisha, hali ya rangi kila chumba, na picha nilizopiga kwa simu siku ileile, yeye akiwa amesimama pale. Tulikuta koki ya sinki la jikoni imevunjika. Hakubisha, nami sikupandisha sauti, kwa sababu picha ilionyesha ilikuwa nzima. Mambo ya rangi iliyofifia ukutani sikumdai. Mtu akiishi ndani ya nyumba, nyumba inachakaa, na uchakavu huo umeshalipiwa na kodi.

Amana yake ilikuwa 100,000. Nikatoa 15,000 ya koki, nikabaki na deni la 85,000. Miezi miwili asiyokaa ni 360,000. Halafu kuna kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini kodi ile ni ya mwenye nyumba. Miezi minne ni 6,000, nikazirudisha. Jumla 451,000, nikamtumia kwa simu palepale, akasaini.

Aliniangalia muda. "Mama, sikutegemea hii ya miezi miwili."

Najua hakutegemea. Wengi wetu tunamwambia mpangaji anayehama mapema kwamba fedha imeshatumika, na tunasema ukweli mtupu. Mkataba wangu unasema akinipa taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, namrudishia miezi isiyokaliwa. Nisingeweza kuandika kifungu hicho kama fedha ingekuwa imegeuka kabati.

Saa 5

Mtoto wa dada yangu amenunua kiwanja mitaa miwili kutoka hapo na anataka kujenga nyumba nne za kupangisha kwa mpigo. Hesabu zake zote zimesimama juu ya bomba la mafuta. Bomba hilo, kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapo kaskazini mwa mji, na ni kweli mradi umeleta wageni na bandari nayo imepanuliwa. Nikamuuliza, "Mkataba wa yule mhandisi unayemtegemea unaisha lini?" Hakujibu. Ujenzi una mwisho. Wanaobaki baada yake ni wachache kuliko waliojenga. Jenga nyumba ambayo mwalimu, muuguzi wa hospitali ya Bombo au fundi wa kiwandani Pongwe anaweza kuilipia, kisha mgeni wa mradi akija, mshukuru Mungu.

Tulitembea kiwanjani viatu vikizama. Vuli imenyesha siku tatu mfululizo, na nilimchagulia siku hii makusudi. Kiwanja kitazame wakati wa mvua, utaona maji ya jirani yanapita wapi. Kona ya kusini imetuama, na pale ndipo ramani yake imeweka shimo la choo. Shimo likijengwa pale litajaa kila masika, na gari la maji taka litakuwa linakula kodi ya chumba kimoja.

Karatasi alishazimaliza, nilimsimamia tangu kabla hajalipa: ofisi ya ardhi ya Jiji, kujua kama kiwanja kimepimwa, hati ina jina la nani, kama kuna rehani, halafu serikali ya mtaa, halafu majirani wa pande zote nne, kwa sababu jirani anajua ugomvi ambao faili haliujui.

Kisha nikamwonyesha rundo la mchanga alioletewa. Nikachukua punje chache nikaweka ulimini. Chumvi. Mchanga wa ufukweni ni rahisi na uko karibu, na mwaka ule wa mwanzo fundi aliniwekea huohuo kwenye lenta na nguzo za baraza. Chumvi inakaribisha kutu kwenye nondo, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Baada ya miaka sita nilibomoa baraza zima. Nilimwomba mwanangu huyu arudishe lori lote, mbele yangu, na akapiga simu. Nikamwambia pia ajenge mbili aziishe, zenye maji, choo na mita yake ya umeme kila moja, kuliko nne zisizo na dari. Hilo hajalikubali bado.

Saa 8 mchana, Ngamiani

Nina framu moja ya duka barabara za namba, mpangaji wake anauza vipuri vya baiskeli. Kodi 120,000 kwa mwezi, na leo analipa miezi sita. Yeye ni mfanyabiashara, hivyo anatakiwa kukata asilimia 10 kama kodi ya zuio, aipeleke TRA na anipe uthibitisho. Katika 720,000 nilipokea 648,000 na karatasi ya 72,000. Wenye framu wengine wanagombana na wapangaji kwa makato haya, wakidhani wameibiwa. Ile karatasi itunze kama fedha, ndiyo inayoonyesha kodi hiyo ya serikali imeshakatwa.

Mkataba wake wa mwaka nimeulipia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, 14,400. Watu wanaona ni hela ya kutupa. Siku mkifika barazani au mahakamani, mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Saa 10 alasiri

Dalali kaleta mtu wa chumba cha Makorora. Mama mdogo, watoto wawili, ana meza ya kupikia chakula Mgandini. Alipoingia tu akaanza kujieleza kuhusu mume, na nikamzuia. Simuulizi mwanamke mumewe yuko wapi. Amefungiwa milango mitatu wiki hii kwa swali hilo, na sioni linahusiana vipi na kodi.

Ninayouliza ni haya: kitambulisho cha NIDA, kazi yake iko wapi nikaione, na namba ya mwenye nyumba anakotoka. Yule wa zamani nampigia mwenyewe, namuuliza swali moja tu: akirudi leo utampa chumba? Jibu lilikuja bila kusita. Nikamweleza mambo ya nyumba kabla hajatoa hata senti: maji tunagawana kwa idadi ya vichwa, umeme kila chumba kina mita yake ndogo, geti linafungwa saa 5 usiku. Miezi sita hana. Nimemkubalia mitatu. Kesho tutakwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa aandikishwe.

Saa 1 na nusu usiku

Baada ya magharibi nilibisha chumba namba tano. Baba wa watu, anadaiwa miezi miwili. Nilimwita pembeni, watoto wasisikie. Jirani yangu wa mtaa wa pili aling'oa mlango wa mpangaji aliyechelewa, na yeye ndiye aliyeishia kituo cha polisi. Deni lina njia yake: taarifa ya maandishi, Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu, inachosha, na ndiyo maana kwanza nakaa na mtu tuandike.

Tuliandika: 20,000 kila Ijumaa, juu ya kodi ya mwezi. Akasaini, nikasaini. Aliniambia mguu wa mtoto ulivunjika mwezi wa tisa. Nilikuwa sijui, na tunaishi ua mmoja.

Saa 4 usiku

Fundi bomba alikuja jioni, akabadilisha boya, 12,000 pamoja na ufundi. Nimeibandika risiti ukutani karibu na mita ili wote waione, na mwezi huu ongezeko la bili nitalilipa mimi. Choo ni changu.

Daftarini: Kange namba mbili tupu kuanzia leo, akiba ya mwezi mtupu ipo. Chumba namba nane, rangi na kitasa kipya kabla ya Jumatano. Ijumaa, chumba namba tano, 20,000. Nimechukua tochi, nimetoka tena uani. Taa za vyumba zimezimwa. Kigurudumu kimesimama.