Gundi iliyobanduka kama utepe

Kabati langu la kwanza la melamini nilimtengenezea dada yangu, la kuwekea vitabu na mafaili yake. Nilipaka gundi nyeupe ya mbao kila mahali ubao ulipokutana na ubao, nikalibana usiku kucha, na asubuhi likasimama wima kama askari wa zamu. Wiki ya tatu akanipigia simu: "Kaka, rafu zako zimelala."

Nilipofika niliingiza kucha chini ya gundi kwenye ubao wa pembeni. Ilitoka yote kwa mkupuo mmoja, utepe mrefu, safi, usio na hata punje ya mbao. Yaani ilikuwa imekaa pale tu, haikushika kitu.

Ningetafakari kidogo ningejua. Melamini tunaipenda kwa sababu haishiki doa, halafu tunashangaa haishiki gundi! Ile ngozi ya juu ni karatasi iliyoloweshwa utomvu wa kiwandani ikakandamizwa kwa joto mpaka ikawa ngumu na laini. Gundi nyeupe hufanya kazi kwa kunyweka: maji yake yanaingia kwenye mbao, yenyewe inabaki imejipenyeza humo. Kwenye ngozi haina pa kuingia. Lakini ndani ya ubao mna chembechembe za mbao zilizoshindiliwa, na hizo zina kiu kweli.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijagusa chupa, nauliza: pande zote mbili ziko uchi? Kwenye kabati la kawaida jibu ni hapana. Ukingo uliokatwa uko uchi, uso unaoupokea umevaa. Nilijaribu kuusugua uso kwa msasa, nikapata mikwaruzo mizuri na gundi ikabanduka vilevile. Msumeno ndio dawa. Nachimba mfereji wenye upana wa ubao na kina cha milimita 4 hivi, ngozi inaondoka, ukingo wa rafu unaingia humo, na gundi nyeupe inashika. Ipo pia gundi maalumu ya melamini, inayoshika hata kama upande mmoja una ngozi. Naitumia pale ambapo mteja hataki kuona skrubu, ila lazima ubane kwa subira. Zile gundi zinazotoa povu nimeziacha. Kusafisha povu lililokauka kwenye ubao mweupe ni adhabu.

Sasa skrubu, maana kusema kweli ndizo zinazobeba kabati. Kosa langu la pili lilikuwa skrubu nyeusi za jipsamu. Kila fundi anazo mfukoni, ndiyo balaa lenyewe. Ni nyembamba na ni kavu: ukilisukuma kabati kwa ubavu, zinakatika shingo bila kupinda kwanza. Afadhali skrubu za chipbodi (ndio huo ubao wa chembechembe), unene milimita 4 kwa urefu 50, zenye hesi pana, zile mbavu zinazoizunguka skrubu, na utangulize tundu la milimita 3.

Ninayoiamini zaidi ni konfirmati, ile nene yenye hesi za kina, 7 kwa 50, iliyobuniwa kwa ubao wa namna hii. Lakini haina msamaha. Ubao wa milimita 16 ukiingiza skrubu ya 7 katikati kabisa ya ukingo, unabakiwa na milimita 4 na nusu kila upande. Ukiteleza milimita 2 tu, upande mmoja umebaki na 2 na nusu, na ubao utavimba hapo hapo kama shavu lenye jino bovu. Nimeshaliona vimbe hilo zaidi ya mara moja, na halirudi. Basi nazibana mbao zote mbili mahali pake kwanza, kisha natoboa kwa keekee ya ngazi, inayotoa tundu la 7 kwenye uso na la 5 ndani ya ukingo kwa mpigo mmoja. Pembeni naacha sentimita 5 kabla ya skrubu ya kwanza. Mizunguko ya mwisho nafunga kwa mkono. Drili haijui kusimama, na hesi zikishasaga chembechembe umebaki na unga ndani ya tundu.

Skrubu za bawaba zikilegea kwa unga huo, usiweke skrubu nene zaidi. Panua tundu hadi milimita 8, gongomelea kijiti cha mbao chenye gundi nyeupe (humo ndani ubao uko uchi, gundi itashika), kikate usawa wa ubao, subiri ikauke, toboa upya.

Na ubao wa nyuma usiudharau. Mimi niliupigilia vimisumari vichache nikauona kama pazia tu, kumbe ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Siku hizi nauingiza kwenye mfereji wake, baada ya kupima kabati pembe hadi pembe, mishazari yote miwili, na vipimo kulingana.

Kabati la dada nililibomoa lote, nikalijenga upya kwa mbao zile zile kwa konfirmati, vichwa nikavifunika kwa vifuniko vyeupe. Vilikuwa 16. Mwanawe ameshabandua 3, na kila nikienda ananirudishia kimoja kama risiti.