Daftari analo nani?

Kwa miaka saba nimekuwa tajiri wa kitu kisichoweza kununua hata fungu la sukuma wiki. Maili 61,300, yaani zile pointi ambazo shirika la ndege humwekea abiria kila anaposafiri nalo. Nilizikusanya safari moja moja, Kigali, Addis Ababa, Johannesburg, mara mbili Geneva, zote za kikazi. Nauli analipa mwajiri, maili zinaingia kwa jina la anayekaa kwenye kiti. Usiku nikikosa usingizi hapa South B, Nairobi, nilikuwa nafungua programu ya simu nazitazama tu, kama mtu anavyokwenda kuchungulia mbuzi wake zizini. Sikuzitumia. Nilikuwa naziwekea siku yake.

Siku yake ikaja Februari, mdogo wangu aliye Leeds, Uingereza, alipojifungua na Mama akasema lazima amwone mjukuu. Mama ana magoti. Yaani magoti yake ni mtu wa tatu katika kila mazungumzo yetu. Nikafikiria zile saa karibu tisa za Nairobi hadi London, amebanwa nyuma, nikaamua: kwa maili zangu nitampandisha daraja la biashara, alale kitandani huko angani.

Mama ni mweka hazina wa chama cha akiba cha akina mama Majengo, Mombasa, na hajawahi kupoteza shilingi ya mtu. Nilipomweleza kwa simu kwamba nina akiba yangu ya maili, alinyamaza kidogo.

“Na daftari analo nani?”

“Wenye ndege, Mama.”

“Wao ndio wanaohesabu, na wao ndio wanaopanga bei?”

“Ndiyo.”

“Basi hicho si chama, mwanangu. Hiyo ni hisani.”

Nilicheka. Ilipofika Juni sikucheka tena.

Kwanza herufi. Nilikuwa nimeshanunua tikiti mbili za bei ya chini kabisa, nikidhani la muhimu ni kuwa na maili. Kumbe kila tikiti ina herufi yake. Watu wawili wamekaa safu moja, wanakula wali ule ule, mmoja ana Y, ambayo ni nauli kamili, mwenzake ana herufi ya nauli ya kubana matumizi, na huyu wa pili mara nyingi hapandishwi daraja hata awe na maili milioni. Tena hata mwenye herufi nzuri hapandishwi kwa sababu tu mbele kuna kiti kitupu. Lazima kiwe kati ya vile vichache vilivyotengwa kwa ajili ya maili. Dada wa kwenye simu alinieleza yote haya kwa upole wa mtu anayeyaeleza mara hamsini kwa siku. Nikalipa tofauti ya nauli kwenye tikiti ya Mama, kiasi ambacho sitakiandika hapa kwa sababu mume wangu husoma.

Pili, bei yenyewe ya kupanda daraja. Februari nilikuwa nimepiga picha ya skrini: maili 42,000 kwa mtu mmoja, kwenda tu. Juni zilikuwa 58,000. Ndege ile ile, kiti kile kile. Wenyewe hawakuniandikia hata mstari mmoja kunijulisha.

Usiku huo nilisoma mpaka saa nane. American Airlines ya Marekani ilipoanzisha AAdvantage, mpango wake wa maili, Mei 1981, maili ilikuwa maili kweli, umbali uliosafiri. Mwaka 2015 Delta, shirika jingine la huko, ikaanza kuhesabu pesa ulizolipa badala ya umbali, na mwaka huo huo ikaondoa jedwali lililoonyesha safari ipi inataka maili ngapi. Air France na KLM nazo zikaanza kuhesabu pesa mwaka 2018. Jina la maili limebaki tu juu ya mlango, kama kibao cha duka lililohama. Katika chama cha Mama, mweka hazina akipandisha kiwango bila kikao, jioni hiyo hiyo daftari linahamia nyumba nyingine. Mimi la kwangu ningelihamishia wapi?

Nikabonyeza. Zikabaki 3,300.

Kurudi sikujaribu hata kuuliza, na si kwa sababu ya maili peke yake. Uingereza humtoza kodi abiria anayeondoka viwanja vyake, na mwaka huo wa 2025, kwa umbali wa kuja Nairobi, ilikuwa pauni 90 ukikaa daraja la kawaida na pauni 216 ukikaa la juu. Hata kodi yao inajua umekaa wapi.

Tulisafiri Agosti. Pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwenye ukaguzi wa langoni ambapo tulishuka na kupita kwa miguu huku dereva akisogea na gari, magoti yalitajwa mara nne. Mlangoni mwa ndege Mama akaelekezwa kushoto, mimi kulia, safu ya 31. Aligeuka akanitazama kama mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza, kisha pazia likafungwa. Usiku mzima, kila nilipogonga magoti yangu kwenye kiti cha mbele, nilijifariji kwamba kuna mtu amelala.

Asubuhi, London.

“Ulilala, Mama?”

“Kidogo.”

“Kile kiti kilikunjuka vizuri kikawa kitanda?”

“Sikukikunjua.”

Nilisimama. Watu wakatupita na mizigo yao.

“Nijilaze chali mbele ya wanaume nisiowajua, kwa kuwa nimepewa blanketi?”

Alikuwa amenyoosha miguu tu, akajitanda mtandio, akakaa hivyo toka Nairobi kama mgeni wa heshima barazani. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: miaka saba, maili 58,000, za kunyoosha miguu. Ningekasirika, lakini alikuwa ameshatangulia mbele yangu kwenye ule ushoroba mrefu, hashiki ukuta, hasemi kitu. Kwenye foleni ya pasipoti aliyelalamika magoti nilikuwa mimi.

Tulirudi baada ya wiki tatu, sote nyuma. Kabla ndege haijaondoka alikuwa ameshajua kijana wa pembeni anasomea nini, mama yake anatoka wapi, na kwa nini hajaoa. “Huku ndiko kuna watu,” akaniambia, kama vile kule mbele nilimpeleka kwenye maonyesho ya samani.

Jana usiku nilikuwa namkatia tikiti ya reli kwa simu, ya kurudi Mombasa kutoka Syokimau. Daraja la kwanza shilingi 4,500, la kawaida 1,500, bila kuulizwa herufi. Nikamwambia nitamkatia la kwanza, kwa ajili ya magoti.

“Tofauti ni ngapi?”

“Elfu tatu.”

Akanyoosha mkono. “Hizo nipe mimi.”

Nikampa. Akafungua mkoba, akatoa daftari la chama, akaziandika.