Viazi vipo, pesa ndiyo hakuna

Busia, Uganda, Jumapili usiku

Waraka wa shule uko mezani tangu Alhamisi. Umepigwa muhuri, umesainiwa, na maneno yake ni machache: kuanzia muhula wa pili hakuna mtoto atakayepita getini na chakula cha nyumbani. Kila mzazi atalipia chakula cha mchana cha shule, pesa taslimu, wakati uleule wa kulipa ada. Asiyelipiwa hatapakuliwa. Ijumaa wazazi tumeitwa kutoa maoni. Mume wangu aliusoma akacheka, akasema maoni yameshatolewa, sisi tunaitwa kuyasikiliza.

Shule nayo ina yake, na nisiwe mtu wa kuinyima haki. Wapo watoto wanaoshushwa na boda asubuhi wakiwa na soda, krips na kipande cha keki, na mzazi anahesabu kwamba amempa mtoto chakula. Upo pia mchuzi wa karanga unaopikwa alfajiri na kufungwa ungali wa moto. Ukija kufunguliwa saa saba mchana, kwa joto hili letu, hata paka atasita. Mwalimu mmoja aliniambia kazi ya kusafisha matapishi huwa ni yake, si ya mzazi aliyefunga chakula. Kwa hiyo wangeandika kwamba soda marufuku, biskuti marufuku, na mchuzi uletwe tu kama shule ina pa kuupasha moto, ningesaini papo hapo. Lakini hawakuandika hivyo. Wamefagia vyote, soda na kiazi pamoja.

Na kiazi ndicho kinachoniuma. Binti yangu hubeba viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, yai la kuchemsha, na mukene, yaani dagaa, wa kukaanga wakavu na kitunguu. Huviweka kwenye kopo ambalo kifuniko chake kimelegea, kwa hiyo tunalifunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kopo si la kupigia picha, lakini kilichomo ndani sikionei haya. Viazi hivyo vina vitamini A, ambayo watoto wengi wa nchi hii wanaikosa, na wataalamu wetu walihangaika miaka mingi kupata mbegu inayostahimili ardhi na magonjwa ya kwetu. Dk. Robert Mwanga, Mganda mwenzetu, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kurutubisha mazao, viazi hivi vikiwemo. Akina mama tukahimizwa tupande. Tumepanda, vimekubali, na sasa vinarudishwa getini!

Badala yake atakula posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage. Siidharau posho. Imenikuza mimi, na imewakuza nusu ya mawaziri wetu. Ila nimeingia jiko la shule ile nikaona kinachopakuliwa: mpishi amesimama kwenye moshi akisonga kwa mwiko mrefu kama kasia, na pembeni sufuria ya maharage ambayo mchuzi wake unaona mpaka chini. Mtoto anapata bonge la posho na maharage ya kuhesabu. Mboga sikuiona, yai ndiyo usiulize. Itakuwa hivyo Jumatatu hadi Ijumaa, muhula mzima.

Halafu kuna suala la mahindi yenyewe, na hapa Busia hatuhitaji kuhadithiwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mimi nafanya kazi ofisi ya uwakala wa forodha. Malori yalipanga foleni, madereva wakalala chini ya trela zao, na simu za wenye mizigo hazikukoma. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, kwa masharti ya vyeti vya kupima. Nilichojifunza kwenye makaratasi yale ni kwamba sumu hii inatokana na kuvu linaloota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, hasa ile inayoanikwa chini kwenye udongo, na kwamba kuipika hakuimalizi. Mara nyingi hailazi mtu leo wala kesho. Madhara yake yanajilimbikiza polepole, na ini ndilo linaloumia. Lori linalovuka mpaka linadaiwa cheti. Gunia linaloingia stoo ya shule linadaiwa na nani? (Karanga nazo zina shida hiyohiyo, najua. Ndiyo maana zangu nanunua kwa mama mmoja ambaye nimeona kwa macho turubai anayoanikia.)

Hoja ya shule iliyonifikirisha kweli ni ile ya usawa. Mwalimu mkuu anasema wote wakila sahani moja, hakuna wa kuonea wivu wala wa kuona aibu. Ni kweli wapo watoto wanaozunguka nyuma ya madarasa wakati wa kula ili wasionekane kwamba hawana kitu. Wengine hujaza tumbo maji ya bomba na kurudi darasani. Elimu ya msingi ya bure ilianza 1997, lakini tumbo la mtoto liliachwa nyumbani, na Sheria ya Elimu ya 2008 ikaandika wazi kwamba chakula ni wajibu wa mzazi. Kwa hiyo mtu anayetaka watoto wote wale siwezi kumpinga.

Lakini sahani hiyo moja inapatikana kwa pesa. Jirani yangu analima. Ana viazi, ana muhogo, msimu wa mahindi hakosi mahindi, na kuku wake wanataga. Watoto wake watatu wamekuwa wakienda shule na kitu kwenye kopo kila siku. Nilipomsomea waraka alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, chakula ninacho. Hiyo pesa ya mkupuo ya watoto watatu nitaitoa wapi?" Pesa yake huja kidogo kidogo siku ya soko, na ikija ina wenyewe wanaoisubiri. Yaani watoto ambao hadi jana walikuwa wanakula, muhula ujao ndio watakaokwenda nyuma ya madarasa. Njaa ambayo haikuwepo itakuwa imeletwa na waraka. Wa kwangu atalipiwa, tutabana mahali. Wa keki na soda atalipiwa bila baba yake kuhisi kitu. Anayebaki nje ya mstari ni mtoto wa mkulima, na huyo ndiye aliyetajwa kwenye hoja ya usawa.

Mume wangu ananiambia nisiende kugombana, mtoto bado ana miaka pale. Sigombani. Nitasema wazuie soda na vitu vya pakiti, waandike orodha fupi ya vyakula vikavu vinavyoweza kukaa hadi mchana, na anayetaka kulipia chakula cha shule alipie. Asiye na pesa apeleke debe la mahindi au maharage, yapimwe, yaandikwe kwa jina la mtoto. Shule nyingi za vijijini zinafanya hivyo na hazijafungwa. Wakisema haiwezekani, nitauliza tu mtoto ambaye hajalipiwa na amekatazwa kubeba, saa saba watamweka wapi, na nitaomba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Jirani mwanzoni alisema haendi, eti Kiingereza cha mikutano kinamchosha. Nimemwambia tutaongea Kiswahili, hata mwenyekiti wa kamati akiwa sokoni anapatana bei kwa Kiswahili. Amekubali, mradi nimpitie saa mbili asubuhi na nisimkalishe mstari wa mbele.