Kalibu ya faiba ya ubao wa mawimbi: nilivyoitengeneza hapa Bagamoyo

Fundi mmoja wa bodi za magari alinishikilia kabisa nipake grisi ili kalibu (umbo la kufyatulia ubao) isigande kwenye ubao wa mfano, eti nta ni kupoteza hela. Nilikataa. Nikachukua kigae, nusu nikapaka grisi, nusu nta, nikamwagia resini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba, kote. Upande wa nta ulibanduka kwa kucha. Upande wa grisi uling'oka vipandevipande, uso wake makunyanzi matupu. Kigae hicho ninacho mpaka leo, kila anayebisha namwonyesha.

Ubao wenyewe wa mfano nilishauchonga kwa msonobari, futi saba, kwa tezo na randa. Mafundi majahazi wa pale ufukweni ndio walionifundisha kuukagua ubavu kwa kiganja, macho yamefumbwa. Pezi usiliweke, litang'ang'ania ndani. Nikapaka rangi, msasa wa maji hadi namba 1000, nta tabaka baada ya tabaka, kisha PVA, dawa ya majimaji inayokauka kuwa ngozi nyembamba ya kuzuia kugandana.

Sasa hapa ndipo nilipofurahi mwenyewe. Kalibu lazima iwe vipande viwili, na mpaka wake upite pale ubavu unapotokeza zaidi. Ukipanda au ukishuka kidogo tu, ubao hautoki. Nilizungushia ukingo wa hadibodi kwenye mstari huo, na upenyo uliobaki nikauziba kwa ule udongo laini wa kuchezea watoto. Udongo huohuo nikaufinyanga vifundo vidogo juu ya ukingo. Kipande cha kwanza kilipokauka kikawa na vishimo. Nikatoa hadibodi, nikapaka nta na PVA, nikajenga cha pili juu yake. Leo vinaingiana penyewe, havichezi hata unywele!

Kuhusu kigumishi, ile dawa ya kuikausha resini, muuzaji aliniambia nizidishe ikauke upesi. Kwa joto hili la kaskazi? Resini ikipata moto sana hupasuka na kujikunja. Mimi niliweka mililita 10 kwa kilo ya resini, nikafanya kazi alfajiri. Na kama kobalti, dawa ya kuharakisha resini, imekuja kwenye chupa yake, usiikutanishe na kigumishi peke yake, inalipuka. Ichanganye kwanza kwenye resini.

Jelikoti, resini ya kwanza inayokuwa uso wa kalibu, iguse kwa kidole: ikinata lakini haikuachii rangi, weka faiba nyepesi ya gramu 300 na uifukuze hewa yote kwa rola. Nzito hufuata, matabaka machache kwa siku. Mbao za kuimarisha mgongo gundisha kabla hujabandua.

Gharama ilikuwa laki kadhaa, faiba ndiyo iliyokula nyingi.

Kubandua nilitumia kabari za mti na maji. PVA inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo mimina pembeni, gonga taratibu, mimina tena. Bisibisi isikaribie. Ilipoachia nilipiga kelele mpaka majirani wakaja, na ndani inang'aa unajiona uso.

Ukitaka kujazia ubao kwa lile povu jeupe la kufungashia televisheni, resini hii ya poliesta italiyeyusha. Hapo tumia epoksi.