Toa majivu kwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii naandika nikiwa na mzigo, na ni mzigo wangu mwenyewe. Jumapili iliyopita niliongoza maombi kanisani, watu wakalia, wakapiga magoti, mama mmoja akanishika mkono akaniambia dada una upako, nikaitikia amina, ila moyoni najua tangu mwezi huu uanze sijakaa na Mungu peke yangu hata dakika kumi. Naombea watu, kwenye grupu natuma andiko kila asubuhi, lakini chumbani kwangu kimya. Nikifunga macho nawaza ada, nawaza meseji ambayo sijajibu, mara usingizi huo.

Sasa Jumanne gesi ikaisha, nikatoa jiko la mkaa nipike uji. Mkaa mzuri, mkavu kabisa, nikawasha nikapepea weee, moshi tu. Nikaongeza mkaa, nikapepea mpaka mkono ukauma. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, akaniangalia weee halafu akasema, "Mwanangu, hilo jiko limejaa majivu, hewa itapita wapi? Toa majivu kwanza, la sivyo utapepea mpaka kesho." Kuligeuza hivi, matundu yote yameziba, yale majivu meupe laini ya Jumamosi tulipochemsha maharage. Nikayamwaga, nikarudisha mkaa uleule, wala hazikufika dakika tano makaa mekundu. Nikabaki nimesimama na mfuniko mkononi machozi yananitoka, mama akadhani ni moshi.

Maana hapohapo lilinijia Mambo ya Walawi sura ya 6. Tunaupenda sana ule mstari wa moto usizimike juu ya madhabahu, tunauhubiri na kuuimba, ila mistari inayotangulia tunairuka. Kila asubuhi kuhani anavaa nguo yake ya kitani, anazoa majivu ya sadaka iliyoungua usiku, anayaweka kando ya madhabahu, kisha anabadili nguo anayapeleka nje ya kambi. Ndo anaweka kuni mpya. Na ukisoma Kutoka 27 utakuta Mungu ameagiza mpaka vyombo vya kuondolea majivu vitengenezwe kwa shaba. Yaani Mungu wetu anajali majivu!

Na majivu sio uchafu jamani. Majivu ni sadaka ya jana, iliungua kweli. Hapo ndo niliposhikwa. Mwaka 2016 nilifunga siku 21 kwa ajili ya mwanangu aliyekuwa amelazwa, Mungu akamponya, na tangu hapo kila nikipewa nafasi ya ushuhuda natoa huohuo. Mtoto mwenyewe sasa yuko sekondari! Ni kama vile Mungu aliacha kusema na mimi mwaka ule. Hata maneno ya maombi ni yaleyale, nikianza tu "Baba katika jina la Yesu" mdomo unajiendea wenyewe mpaka amina, moyo uko sokoni. Mpendwa, wewe majivu yako ni yapi? Labda ni mkesha wa zamani ulipojazwa Roho, labda ni cheo cha uzee wa kanisa, labda ni sifa ya kuitwa mwombaji. Vilikuwa moto, mshukuru Mungu kwa hivyo, ila usipepee juu yake. Yatoe, tena yatoe leo, na kesho asubuhi yatakuwepo mengine, utayatoa tena, kuhani hakuwahi kufika siku akasema sasa basi.

Na nyie wenzangu wa timu ya sifa niseme kwa upendo, mimi nikiwemo. Mazoezi Alhamisi masaa matatu mazima, tunagombania sare na nani ashike maiki, halafu hakuna aliyeomba hata kidogo kabla ya kupanda pale mbele. Tukishuka tunaulizana sauti zilitokaje. Tunawapelekea watu wa Mungu majivu, na wao wana njaa. Tutubu.

Nilitaka niguse na habari ya kuni, kwamba moto wa Walawi 9 ulitoka kwa Bwana lakini kuni aliziweka kuhani, hiyo tuiache wiki ijayo.

Jumatano nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamwambia Mungu, Baba sina maneno, nimechoka, nimekuwa naigiza. Nikanyamaza. Sikunena kwa lugha, sikuona maono, nilikaa tu pale nikikumbuka Warumi 8:26, kwamba Roho hutuombea kwa kuugua. Baada ya muda nikaanza kulia, kilio ambacho sijalia miaka, nikajikuta naimba pambio la Sunday School tulilofundishwa na bibi. Naye alikuwepo, wapendwa. Bwana alikuwepo mule chumbani.

Kesho nimeweka alamu saa kumi na nusu alfajiri. Kama kuna mtu moto wake umefifia kama wangu, aniambie leo, nitampigia muda huo tuombe wote kwenye simu, vocha naweka mimi.