Saladi ya machungwa iliyokuwa chungu na kujaa maji

Ramadhani nzima saladi yangu ya machungwa na balungi ilifika mezani ina uchungu, imeelea majini, nanaa imekuwa nyeusi. Nikadhani matunda niliyonunua soko la Darajani, Unguja, ndiyo mabaya. Sivyo.

Uchungu ulitoka kwenye ile nyama nyeupe chini ya ganda. Nilikuwa namenya kama chungwa la kufyonza, ganda la juu tu. Sasa nakata ncha mbili, nalisimamisha chungwa, nashusha kisu kikali mpaka nyeupe yote itoke, kisha natoa kipande kimoja kimoja kati ya ngozi zake. Balungi hasa lataka subira hii, maana ngozi zake ni chungu kweli. Mbegu natoa zote.

Maji yaliletwa na sukari niliyokuwa natia mapema: ikikaa na tunda, huvuta maji yake. Siku hizi nachuja vipande, naviweka kwenye friji bila kutia kitu. Yale maji nayakamulia ndimu, natia asali kidogo, na navimwagia vipande adhana ya magharibi ikikaribia.

Nanaa naichanachana kwa mkono wakati huohuo, pamoja na majani mawili matatu ya mrehani. Mama mkwe sasa huomba bakuli la pili.