Simu Imeingia Maji: Siku Moja Maishani Mwangu Kirumba

Mimi hufungua kibanda changu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mapema kuliko mafundi simu wenzangu wa katikati ya jiji la Mwanza, kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wa Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba, na boti za dagaa hurudi alfajiri. Kazi yangu hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri anga likiwa jeusi. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, nami hubaki na vioo vilivyopasuka na betri zilizochoka. Jana tulikuwa katikati ya giza, kwa hiyo sikuwa nimemaliza kufagia nilipomkuta kijana amesimama mlangoni, kaptula yake ingali inachuruzika maji.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mdogo wangu. Imeanguka saa ngapi?"

"Saa tisa usiku. Tuliiopoa hapo hapo. Nimejaribu kuiwasha mara tatu, ikawaka kidogo ikazima."

Hizo mara tatu ndizo zilizoniuma. Maji ya ziwa letu, Victoria, ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari, na watu wengi huamini kwamba kwa sababu hiyo hayaidhuru simu. Hata hivyo yamebeba madini yaliyoyeyuka, na madini hayo yanatosha kupitisha umeme kutoka nukta moja ya bodi, ile sahani ya ndani inayobeba chipu na njia za umeme, kwenda nyingine. Betri ya simu, yenye volti 3.7 hivi, huanza kuimenya shaba ya bodi upande mmoja na kuibandika upande mwingine, na ule ukijani tunaoukuta ndani ni shaba iliyokwisha kuliwa. Simu iliyozimwa mara tu ilipotoka majini huja kwangu ikiwa na matumaini makubwa kuliko ile iliyobonyezwa-bonyezwa au kuchomekwa chaji ili kuona kama bado ni nzima.

Saa moja kamili nilikuwa nimeifungua. Jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi, kabla ya kufuta hata tone moja. Kale kakaratasi kadogo keupe kanakobandikwa ndani ili kuonyesha maji kalikuwa kamekwisha kuwa kekundu. Kijana alikuwa ananitazama mikono, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama pesa zake za kwenye simu zimepotea. Nilimweleza kwamba pesa hizo hazikai ndani ya simu. Ziko kwa mtandao, zimefungwa kwenye namba yake na namba yake ya siri. Niliifuta laini, nikaiweka kwenye kitochi changu, simu ndogo ya vibonyezo, naye akaangalia salio lake mwenyewe. Ndipo akakubali kwenda nyumbani kulala.

Vile vifuniko vya bati vinavyofunika chipu ndivyo vinavyowadanganya wengi. Bodi ikikauka juu, chini yake maji hubaki hata kwa siku kadhaa. Nilivitoa, nikaitumbukiza bodi katika alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, nikaisugua kwa mswaki laini, hasa kwenye soketi ya chaji na ya kioo. Alkoholi hiyo huyasukuma maji kutoka kwenye mianya, kisha nayo huyeyuka hewani bila kuacha kitu. Ile ya asilimia 70 ya dukani siitumii, kwani sehemu yake kubwa inayobaki ni maji yale yale tunayoyafukuza.

Saa tatu alikuja mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatoa simu yake kutoka ndani ya bakuli la mchele. Ilikuwa imekaa humo siku mbili. Simlaumu hata kidogo, maana ushauri huo umeenea kila nyumba, lakini mchele hauwezi kuvuta maji yaliyojificha chini ya bati, na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaji likawa uji. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaandikia wateja wake kwamba wasiweke simu kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu.

"Mwanangu, humo ndani nimepiga picha za daftari langu la madeni," alisema. "Daftari lenyewe lililoa siku hiyo hiyo."

Baada ya kusafisha, niliiunganisha bodi yake na pawa saplai, kifaa kinachoilisha umeme na kuonyesha inakula kiasi gani. Bodi isiyo na hitilafu haipaswi kula umeme kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwashia, lakini hii ilikula ampea 1.2 papo hapo: shoti. Nilipunguza volti, nikadondosha alkoholi juu ya bodi, nikainama kwenye hadubini kusubiri. Bodi yote ilibaki inang'aa kwa unyevu, isipokuwa kapasita moja, kijipande cha kutunza umeme kidogo, ndogo kuliko punje ya ulezi, ambayo juu yake alkoholi ilikauka kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa inapata moto. Niliing'oa kwa bloa ya hewa ya moto, mita ikaonyesha kwamba shoti imekwisha, na kwa kuwa kapasita za aina hiyo huwekwa nyingi kwenye njia moja, simu inaweza kuendelea bila moja kati yake. Saa sita kasoro ikawaka. Kabla ya jambo lolote nilizihamishia zile picha kwenye kadi ya kumbukumbu, nikamkabidhi mkononi, kwa sababu simu iliyowahi kuloa inaweza kuzima tena baada ya wiki bila kuaga.

Mchana ulipita kwa vioo viwili na sahani ya ugali kwa sato.

Saa tisa nililetewa simu iliyoanikwa juu ya bati la paa, juani. Betri ilikuwa imevimba hadi kukinyanyua kioo. Niliitoa taratibu kwa kadi ya plastiki, nikaiweka kwenye ndoo ya mchanga nje, kwani betri ya namna hiyo ikitobolewa huweza kulipuka moto. Kioo kilikuwa na mawingu, bodi imeliwa mpaka njia zake zimekatika. Nilimwambia mwenyewe ukweli na sikumtoza kitu.

Saa kumi na moja jioni yule kijana alirudi, macho yamevimba kwa usingizi. Simu yake iliwaka, ikashika chaji, ila maiki ilikuwa imekufa, nami nikamwahidi nyingine asubuhi. Aliishika kidogo, akasoma ujumbe wake, kisha akanirudishia.

"Kaa nayo, kaka. Leo naingia na kitochi."

Tukatoa laini tena.